Mlingoti wa Kopo la Rangi

Siku zangu za mwanzo hapa Dar nilienda Feri kutazama mnada wa samaki. Kutazama tu. Nikamwona mtu wa kwetu ng'ambo ya meza, nikampungia mkono, dalali akadaka: "Wa kofia kachukua!" Nikawa na ndoo nzima ya vibua, na hela yote niliyokuwa nayo ikaishia pale. Nikazunguka na ndoo kichwani, paka nyuma yangu, mpaka mtaa wa Gerezani. Huko muuza mirunda mmoja, zile nguzo za kushikilia zege, akaniita. Akachukua vibua vinne, akaniuliza kwetu wapi. Songea, nikasema. Akaruka juu.

"Mngoni! Kumbe nanunua samaki kwa mtani wangu!"

Yeye Mhehe wa Iringa. Tukazeeka pamoja hivyo hivyo, tukitukanana.

Sasa ile mirunda yake ni milingoti, au mikaratusi, kama wanavyosema waliosoma. Mimi nimeibeba kwenye ujenzi maisha yangu yote, lakini sijawahi kuuona hata mmoja ukiwa mtoto. Juzi juzi hapa, uzeeni, ikanikaa kichwani: lazima niulee mmoja, niuone ukikua mpaka utoe majani yake yenyewe. Uani kwangu, Kariakoo!

Mtani akaniagizia mbegu kwao, zimefungwa kwenye gazeti kama ugoro. Nikapanda kama mahindi: shimo la kidole kizima, mbegu tatu tatu. Wiki tatu, kimya. Alipokuja kuona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umezizika! Mngoni kazi yake kutega panya, miti wapi na wapi!"

Akanyunyiza nyingine juu juu kwenye kopo kubwa la rangi, mchanga kiduchu juu yake, akatoboa kopo chini na kulikalisha kwenye beseni la maji, linywe lenyewe. Siku ya nane, jamani! Vijani kama vichwa vya pini! Nikaita wapangaji wote. Mama muuza vitenge akainama, akatazama weee.

"Babu, huu si mchicha?"

Mchicha! Nikamfukuza. Nikang'oa miche dhaifu, ukabaki mmoja, ukapanda mpaka kiunoni. Lakini majani ya mviringo, rangi ya majivu, mawili mawili yamekumbatia shina. Nikampigia yule Mhehe simu kwa hasira.

"Mtani, umenipa mbegu ya nini?"

"Hayo ya utotoni. Ya ukubwani marefu, yamepinda kama mundu. Subiri."

Nisubiri! Kila asubuhi kabla ya chai niko pale, nachungulia. Mti ulipofika kifuani nikaliona: jani moja, refu, limening'inia, limepinda! Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka. Sikuthubutu hata kuligusa. Nikampigia, akaja mbio.

Akalipapasa. Halafu akanyanyua kopo.

"Unakabwa huu. Mizizi imejikunja humo kama tambi. Kesho narudi Iringa moja kwa moja, biashara nimefunga. Mti unaenda na mimi, ukapate ardhi."

Na mtani akichukua chako mbele ya macho yako, ukinuna umeharibu wewe. Nikabaki nimeshika kiuno.

"Mwizi wewe!"

"Wa mchana!" akajibu bila kugeuka.

Kopo begani, jani lile likimpiga piga sikioni, akavuka barabara ya mwendokasi, na hakurudi tena.