Mafuta ya Mavyaa Yaliyofika Lusaka

Mavyaa wangu alikuwa akipika mafuta ya nazi Mishomoroni tangu kabla sijaolewa na mwanawe. Nilipoacha kazi ya ukarani ndipo nikaanza kuyatia kwenye chupa na kuyapeleka kwenye saluni za Kisauni na Kiembeni. Jumapili moja kanisani tukatangaziwa kwamba serikali inatafuta wazalishaji wadogo wa kuwapeleka kwenye maonyesho ya biashara Zambia. Nikajiandikisha bila kumwambia Mavyaa.

Mafuta ya kwanza tuliyoyapeleka maabara yalikataliwa. Aliyeleta majibu alikuwa afisa wa serikali, dada mmoja wa bara. Alimwamkia Mavyaa shikamoo, kisha akasema mafuta yana maji mengi, yatachacha njiani.

"Mafuta haya nimewapaka wanangu saba," Mavyaa akamwambia. "Hakuna aliyechacha."

Dada yule alicheka, lakini hakuondoka. Alivua viatu, akaketi jikoni petu kutwa nzima akitazama na kuuliza. Mwishowe akatuomba tuyarudishe kwenye moto mdogo, tuyaache yatulie siku mbili, halafu tuyachuje kwa kitambaa kikavu. Mavyaa aliyafanya yote hayo huku amenuna. Safari hii maabara wakayapitisha.

Serikali ingelipa nauli na banda, ila kwa mtu mmoja tu. Nilikuwa nimeshaanza kupiga pasi nguo zangu.

"Nitakwenda mimi," Mavyaa akasema. "Wewe ukienda utawaeleza tu. Mimi nitawapaka."

Iliniuma, sitaficha. Fomu zote nilizijaza mimi, na yeye hajawahi kupita Voi. Siku mbili nilimjibu kwa mkato. Ya tatu nikamfungia sanduku, nikamtilia sweta, nikamsindikiza uwanja wa ndege.

Kutoka Zambia alinipigia kwa simu ya yule afisa, waliyesafiri naye.

"Wamenunua, Mama?"

"Hawajanunua. Wamenusa."

Kesho yake mwanamke mmoja mwenye saluni kadhaa Lusaka alisimama bandani. Mavyaa alimkalisha kwenye kiti, akamfumua nywele, akampaka, akamsuka upya, afisa akitafsiri. Mwanamke yule alipoinuka aliagiza katoni arobaini.

Kazi ya karatasi ikabaki kwangu. Afisa alinifundisha kuomba cheti cha kuonyesha kwamba mafuta yametengenezwa Kenya, ili yasitozwe ushuru mpakani. Nilikosea mara mbili, na mara zote mbili alinirudishia kwa upole, amepiga mstari mahali pa kurekebisha. Asubuhi tulipopakia lori Changamwe nilisimama pale nikizitazama katoni zenye maandishi yetu, machozi yakanilenga. Hasira yote ilikuwa imenitoka.

Baada ya wiki tatu nikapata ujumbe kutoka Lusaka: zimefika zote salama, na wanataka nyingine, ila kwenye chupa ndogo. Nilikimbilia uani kumsomea Mavyaa, aliyekuwa akikuna nazi.

Hakuinua macho.

"Ndogo kiasi gani?" akauliza.