Gari la Baba na Mkono wa Kaka

Wanaosema gari bovu halina ugomvi hawajawahi kurithi. Baba alipofariki aliacha Moris kuukuu nyumbani kwetu Uyole, gasketi ya hedi ya injini imeungua, na kaka yangu aliyekuwa amerudi kutoka migodini Zambia akasema ni lake. Mwanamke harithi ng'ombe, itakuwa gari? Mimi nilikuwa nimekimbia ndoa Iringa, meno yangu ya mbele yamebaki huko. Nilitaka gari lile lipeleke viazi vyangu sokoni Mwanjelwa, nilishe wanangu. Bila hivyo ukoo ungenirudisha kwa yule mwanamume, na safari hii angenimaliza.

Baba mdogo, aliyeshika nafasi ya marehemu, akaamua baada ya matanga: atakayeliwasha, ni lake. Alidhani ananikomoa. Alisahau ni nani aliyemshikia baba spana miaka yote kaka alipokuwa Zambia.

Nilifungua hedi mwenyewe, palepale uani. Nati moja iligoma, nikaipiga nyundo mpaka ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma, nikatukana matusi ambayo mama hakujua kuwa nayajua. Gasketi mpya haikupatikana mjini, nikaitoa kwenye Moris nyingine iliyokufa. Nikakaza nati kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, jinsi baba alivyofanya. Ikabaki kuseti delko, ile inayogawa moto kwenye plagi.

Kaka akaingia na baba mdogo kabla sijamaliza, akachukua hendeli ya kuwashia.

"Kaka, subiri," nikamwambia. "Delko bado, moto wa plagi unawahi. Ukizungusha sasa, hendeli itakurudi."

Akanizaba kofi nikaona giza. Akaichomeka, akaikumbatia kwa vidole vyote mpaka dole gumba, akazungusha kwa nguvu zake zote za mgodini. Injini ikapiga kinyume, mara moja tu. Mfupa niliusikia ukikatika. Mkono ukapinda mahali pasipo na kiwiko, akaanguka kwenye tope analia kama mtoto. Nilifurahi, sikufichi. Moyo wangu ulicheka.

Nikatema damu, nikalegeza delko, nikairudisha nyuma kidogo, nikazungusha mwenyewe. Ikakubali. Uani pakajaa moshi na kuku wakatawanyika. Tukampakia kaka kiti cha nyuma, nikampeleka hospitali mjini, kila shimo la barabara akinilaani.

Tulipomwacha huko na kuanza kurudi, baba mdogo aliyekaa kando yangu akaniambia kwa upole kabisa, "Umeshinda, mwanangu. Gari ni lako. Na kilicho cha mke ni cha mumewe, maana mahari yake hatujairudisha. Kesho tutakwenda nalo Iringa, akupokee."

Nilikanyaga breki mpaka paji lake likagonga kioo.

"Baba mdogo, shikamoo yako nilikupa asubuhi. Shuka."

"Unasemaje wewe?"

"Shuka kabla sijakushusha."

Akanitazama usoni, damu inamchuruzika mpaka kwenye kola, akaona sitanii. Alishuka katikati ya barabara, mvua inamnyeshea mzee wa watu, nami nikaondoa gari. Tangu siku ile ukoo haukuniita tena msibani wala harusini. Lakini Iringa sikurudi.