Salamu Zilizojaza Simu ya Baba

Simu ya baba ilinuka gundi. Alikuwa fundi wa makubadhi, vile viatu vya ngozi vya mikanda, kibanda chake kwenye kichochoro kisicho mbali na Ngome ya Yesu, na alipofariki simu ililetwa nyumbani na alama za vidole vyake zimeganda kwenye kioo. Mama hakukubali ipanguswe. Alikuwa kwenye eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani, na kila baada ya sala ya alasiri aliniita nimfungulie sauti. Baba hakuwa mtu wa kuandika. Na mikono ile ya gundi, angeshikaje kalamu? Alijirekodi mwenyewe asije akasahau kazi. "Makubadhi ya Mzee Abudi, nambari tisa, mkanda mweusi. Na Maimuna ataka ndimu, nisirudi mikono mitupu." Basi, mambo yenyewe ndiyo hayo. Mama, Maimuna mwenyewe, alizisikiliza habari za mikanda na soli huku akicheka na kulia, kisha akaweza kula kidogo.

Mwaka huohuo maradhi yakafunga shule. Nilikuwa darasa la nane, mtihani wa mwisho unaningoja, na masomo yakahamia kwenye simu. Nyumbani kwetu simu iliyoweza kazi hiyo ilikuwa hiyo moja. Mwalimu wetu, Bi Mwanaidi, alikuwa mzaliwa wa Mji wa Kale hasa. Darasani hakuanza somo mpaka kila mtoto amwamkie naye amjibu, na kwenye kundi la simu hakupunguza hata neno. Alikataa vile vijipicha vya mikono. "Sitaki mtoto aniamkie kwa kidole," alisema. "Nataka kusikia sauti zenu." Basi kila asubuhi watoto arubaini na tatu tulirekodi shikamoo zetu, naye akamjibu mmojammoja: "Marahaba, mwanangu. Wazee hawajambo?" Kisha kila mtoto akarekodi tena, "Hawajambo, wakusalimu." Hata Mutiso, ambaye babake alitoka bara kuja kufanya kazi bandarini, aliivuta ile "wakusalimu" kama mtu wa Kibokoni, hukohuko Mji wa Kale. Mimi pia nilijibu hawajambo, wote wawili, kwa sababu sikujua namna ya kusema vingine mbele ya watu wote. Simu nayo ilikuwa ikizihifadhi salamu zote hizo, na hakuna aliyenambia.

Asubuhi moja Bi Mwanaidi alituma video ya hesabu, eneo la duara, na maswali kumi ya kujibiwa kabla ya adhuhuri. Simu ikagoma: nafasi imejaa. Nilifungua orodha ya sauti nikakuta mamia, hazina majina, ni nambari tupu. Nikagusa ya kwanza, shikamoo. Ya pili, marahaba. Ya tatu, wakusalimu. Nikapandwa na hasira. Wenzangu walikuwa washaanza kujibu maswali, na mimi nakaa kusikiliza hali za wazee wa watu! Nikachagua zote, nikafuta. Video ikafunguka bila taabu. Nilipata tisa kwa kumi, na Bi Mwanaidi akanisifu kundi zima likisikia.

Alasiri mama alikunja msala wake wa kusalia akakaa kitako ukutani. "Rukia, nifungulia sauti ya babako." Nilifungua, nikatafuta, nikatafuta tena. Nikamweleza kwamba nimezifuta pamoja na zile salamu. Laiti angenipiga. Aliniangalia, akauliza, "Lakini umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akaichukua simu akaipakata.

Fundi wa simu aliniambia zikishafutwa hivyo hazirudi. Siku zilizobaki za eda mama alikaa na ile simu mapajani alasiri zote, imezimwa, mara mojamoja akiinusa, mpaka harufu ya gundi nayo ikaisha.

Sasa nasomea ualimu, na muhula huu niko kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa lina vishikwambi na ubao unaowaka ukutani. Mwalimu msimamizi hufurahi kutueleza kwamba siku hizi kila kitu huhifadhiwa mtandaoni, hakipotei hata mtoto akikosea. Mimi huitikia kwa kichwa. Wanafunzi huniamkia kwa kijipicha cha mkono, nami nawaacha. Naweza mpaka leo kukuigizia shikamoo ya kila mtoto wa darasa letu, na mkwaruzo wa kifua cha Bi Mwanaidi, na ile "wakusalimu" ya Mutiso. Mama hajaniuliza tena kuhusu zile sauti. Ila mwezi uliopita, tukichambua mchele, aliniuliza kama baba alikuwa akisema "ndimu" kwa sauti nzito au nyembamba. Nilifikiri sana, sauti yake isinijie. Nikamwambia nzito, na nilikuwa nadanganya.