Pumzi ya Ambakisye

Kabla hujasafiri, mwanangu, nisikilize. Nakumbuka lori lililotoka Iringa likapita Mbeya na Tukuyu, likamshusha bandarini Mwaya mzungu mmoja mwenye masanduku ya chuma. Kutoka hapo tulimleta kwa boti mpaka kwetu Ikombe, mahali ambapo mawe ya mlima yanaanzia nyuma ya nyumba na kuishia ndani kabisa ya Ziwa Nyasa. Sisi ni Wakisi. Mama zetu wanafinyanga vyungu, baba zetu wanavua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyosema, tukambebea mizigo yake huku tukicheka.

Alitaka picha za samaki. Si wa kula, wa kutazama tu, tena usiku, wakiwa wamelala kwenye mapango ya mawe. Tulidhani ana wazimu wa upole. Lakini alikuwa mtu mwema, nalisema hilo mpaka leo ingawa linaniuma. Alikuwa na kamera ndani ya kasha lenye kioo, na mitungi ya hewa ya kubeba mgongoni, yenye mpira wa kuvutia hewa kwa mdomo. Mama aliugonga mmoja kwa ukucha, kama anavyogonga vyungu vyake vikitoka motoni, akauliza mtungi usiotiwa maji ni wa nini.

Mzungu alihitaji mtu wa kumwonyesha mapango, na aliyeyajua ni mdogo wangu Ambakisye. Nyavu zetu hunasa kwenye mawe, lazima mtu azame akazinasue. Kazi hiyo baba alimfundisha tangu mdogo, na sheria yake ilikuwa moja. Ukiwa chini, funga mdomo. Ukinasa mguu, ukiona mamba, ukiogopa, zidi kufunga, pumzi isikutoke hata kidogo mpaka utoe kichwa juu. Samaki mkunje angali mbichi, na Ambakisye alikunjwa mbichi kweli. Hapakuwa na kijana wa kumshinda kukaa chini ya maji.

Mimi nilikuwa mkubwa kwake, nimeshaoa, na kazi yangu ilikuwa kasia. Niliwaangalia wakijifunza mchana, pale kwenye maji ya kifuani. Mzungu alimwambia apumue kama apumuavyo nyumbani, basi. Ambakisye akaweza upesi, akaanza kujigamba. Jioni alitusimulia mambo ya chini huku mikono ikiruka: samaki wanaobadili rangi wakilala, kaa wanaotembea ukutani, na samaki jike anayelea watoto mdomoni. Kikitokea kitisho watoto humwingia mdomoni naye anaufunga. Kikipita, anaufungua wanatoka. Hiyo ndiyo picha mzungu aliyoitaka kuliko zote.

Usiku walioifuata picha hiyo hapakuwa na mwezi. Walishuka wawili na tochi moja ya kioo chekundu, wasiwaamshe samaki. Kutoka kwenye mtumbwi niliuona mwanga wake ukitembea chini, mwekundu, kama kaa la moto ndani ya majivu. Kamera ikawaka, ziwa likawa jeupe, kisha giza. Ikawaka tena. Halafu tochi ikazimika, na sikuona kitu.

Ambakisye alichomoka majini karibu nami, kwa kasi, mpaka kiunoni. Mpira wa hewa ameutema, mdomo ameufunga, mashavu yamejaa. Nilimshika mkono nikamvuta. Alipofungua mdomo kilichotoka ni damu. Akanitazama kama mtu mwenye swali, na kabla sijafika ufukoni alikuwa amekwisha kufa. Nyuma yangu nilimsikia mzungu, mzima, ameibuka gizani anaita jina lake.

Asubuhi yule mzungu alikaa mchangani mbele ya baba, akaeleza huku analia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini tulimwelewa. Hewa ya mtungi, ukiivuta kule chini, inaingia kifuani ikiwa imeshindiliwa. Ukipanda inavimba, kwa hiyo lazima uitoe njia nzima. Ukifunga mdomo, mapafu yanapasuka. Akasema hakuwahi kuwaza kwamba mtu mwenye mtungi mgongoni angefunga mdomo.

Baba aliuliza neno moja tu. "Angefungua mdomo, angekuwa hai?"

Mzungu akaitikia kwa kichwa.

Basi baba akatugeukia sisi vijana. "Mliuliza namna ya kushuka. Nani aliuliza namna ya kupanda?" Kisha akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Nilijaribu kumfariji. Nilimwambia sheria yake iliwaokoa wengi, nami ni mmoja wao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazirudia nyavu zake. Tangu siku hiyo hakumfundisha mtu kuzama. Wavu ukinasa, tuliukata tukauacha huko huko.

Mzungu alikwenda kusafisha picha zake, akarudi mara moja tu kutuletea moja. Samaki jike yumo, mdomo wazi, watoto wanatoka. Pembeni kuna mkono wa Ambakisye unamwonyesha kwa kidole. Mkono tu. Kiangazi kizima alipiga picha za samaki, na uso wa mdogo wangu hakuupiga hata mara moja. Mama aliigeuza picha akautafuta uso upande wa pili. Baba aliishika muda mrefu, akasema, "Hata samaki huyu anajua wakati wa kufungua mdomo." Akanipa. Ninayo, lakini sijawahi kuitundika.

Watu husema kidonda hupona. Mimi ni mzee sasa, na sijaona kikipona. Sina faraja ya kukupa, mwanangu, nina onyo tu. Ukiletewa chombo kipya, usiridhike kujua kinavyofanya kazi, uliza kinavyoua. Na usidhani ya zamani umeyaacha kwa sababu umejifunza mapya mchana kweupe. Siku ya hofu utafanya lile ulilofundishwa utotoni, kabla hujafikiri. Kwa hiyo aliyekufundisha la kale na anayekufundisha jipya wakalishe pamoja, wasikilizane, hata kama mmoja hajui kusoma na mwingine hajui lugha. Kuuliza si ujinga. Baba yangu alikuwa pale pale ufukoni siku zote za mafunzo, anashona nyavu, hatua chache kutoka walipokuwa. Angesikia neno moja tu la mzungu, lile la kupumua kama nyumbani, angejua linapingana na sheria yake. Hakuna aliyemwita.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde huko usikokujua, akupe watu wa kukuuliza kama umeelewa, na siku utakapoogopa akufungue mdomo.