Wiki Mbili za Katibu

Habari za kifo cha Katibu wetu zilinifikia Jumanne asubuhi, mwezi wa kumi mwaka huu wa 2020, nikiwa nimeegesha gari nje ya duka la vyakula pale Irving, Texas, natafuta barakoa yangu chini ya kiti. Mume wake aliandika kwa ufupi: "Mwenyekiti, mwenzangu ametuacha alfajiri." Ugonjwa ni huuhuu aliokuwa akiwauguza wengine tangu mwezi wa tatu. Nilisoma ujumbe mara mbili, kisha nikafanya jambo ambalo bado naona haya kulisimulia: kidole changu kilikwenda moja kwa moja kwenye jina lake. Kwa miaka minane, kila nilipopata habari za msiba, yeye ndiye niliyempigia wa kwanza. Simu ilianza kuita ndipo nikakumbuka, nikaikata.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba naongoza chama chetu cha kusaidiana, sisi Wakenya tunaoishi kati ya Dallas na Fort Worth. Mimi ni mwenyekiti, marehemu alikuwa katibu, na tulizoea kuitana hivyo hivyo mpaka majina yetu yakawa ya kuandikia fomu tu. Alikuwa muuguzi katika makao ya wazee, mama wa watoto watatu, mkazi wa Euless karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ukizungumza naye uani lazima unyamaze ndege ipite. Chama chetu hakina kazi kubwa kuliko misiba. Mtu akifa, kila jioni tunakutana nyumbani kwake mpaka mwili usafirishwe, na katika hizo siku kumi au kumi na mbili kuna vibali vya kufuatilia, wageni wa kupokewa, watoto wa kupelekwa shule na chapati za watu sitini. Katibu alikuwa na maswali matatu tu: mwili uko wapi, nani yuko na watoto, nani anapika leo? Ukishayajibu, mengine aliyapanga mwenyewe.

Mwanzoni mwa 2018, tulipomaliza mkutano, alitutangazia kwamba yeye na familia yake wangekwenda Ireland mwaka uliofuata, wiki mbili, kuizunguka kwa gari. Mama mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Na huko Ireland mko na nani?" Mnaotufahamu mtalielewa swali hilo. Likizo yetu sisi ni ya kwenda nyumbani: kuona wazazi, kuzika, kukagua nyumba ambayo shemeji anatujengea pole pole kupita kiasi. Kwenda mahali usikokuwa na mtu kunaonekana kama kuringa. Katibu alikuwa anakunja mfuko wake wa karatasi. "Hatuna mtu," akasema. "Ndiyo maana tunaenda." Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Wazo hilo alilitoa kwa mgonjwa wake, bibi mmoja wa Kiairishi mkali kama pilipili, ambaye alikuwa akimsimulia habari za kwao kila alipofungwa kidonda cha mguu. Katibu alipanga safari kama alivyopanga misiba: faili la kijani, karatasi moja kwa kila siku. Mpango wa kwanza ulikuwa wa siku nne. Sisi wa Texas tumeharibika, saa nne za kwenda Houston tunasema ni hapo tu, basi naye alitazama ramani ya kisiwa kile akaona kinamalizika kabla ya Ijumaa. Yule bibi aliomba kalamu nyekundu, akakata karatasi zote. Alimwambia kwamba amepanga kama mtu anayepeleka mizigo, kwamba barabara za kwao ni nyembamba, kondoo wana haki ya njia, na mtu asiendeshe zaidi ya saa tatu kwa siku. Ndipo zikapatikana wiki mbili: Dublin, Wexford, Cork, Killarney, Galway, Sligo, mpaka Donegal. Kutoka Donegal, kwenye karatasi ya mwisho, Katibu aliirudisha safari kwa njia ile ile ya Sligo, kwa sababu kukatiza kaskazini, upande ulio chini ya Uingereza, kungehitaji viza nyingine kwake na kwa mumewe wenye pasi za Kenya.

Nakumbuka Jumamosi moja nilipita kanisani kuchukua viti, nikakuta gari lao likizunguka polepole kwenye maegesho matupu, kati ya ndoo za rangi zilizopangwa mistari miwili. Katibu alikuwa anajifunza upya kuendesha kushoto. Alijifunzia udereva Nairobi, lakini baada ya miaka kumi na minane ya kuendesha upande wa kulia, mikono ilikuwa imesahau. Mume wake, mtu wa maneno machache anayefanya kazi ghalani Grand Prairie, alikuwa amekaa juu ya ndoo moja akijifanya mzunguko wa barabara. "Mom, you're gonna kill Dad!" binti mkubwa akapiga kelele kutoka kiti cha nyuma. "Baba yako ni roundabout," Katibu akamjibu, "na roundabout haisogei. Mwenyekiti, simama hapo uwe kondoo!" Nikasimama. Sijui kama nimewahi kuwaona watu wa familia moja wakifurahi pamoja namna ile, na hawakuwa wametoka hata nje ya Euless.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mwezi wa sita 2019, dereva wa lori, mwanachama wetu aliyehamia Houston, alianguka akafa. Aliacha mke mwenye mtoto mchanga, na hakuna aliyejua vibali vinaanzia wapi. Nilimpigia Katibu. "Mwenyekiti, hii leave nili-request tangu January," akasema. "Watoto wanafanya countdown. Huyu mkubwa next year anamaliza shule, akienda college sitawapata tena wote kwa gari moja." Nikamwambia naelewa, kisha nikaeleza habari za mjane upya, kwa urefu zaidi. Ndege ikapita juu ya nyumba yao. "Sawa. Ireland haina miguu, haitahama. Mwili uko wapi?" Wiki zake mbili za likizo zikaishia kwenye barabara ya Houston, akienda na kurudi mara tatu, na mjane yule hakulala hata siku moja peke yake. Mimi nilisifiwa kanisani kwa uongozi bora. Ambalo sikumwambia mtu ni kwamba nilikuwa na majina mengine kumi na moja kwenye orodha ya wanaoweza kusaidia, na sikumpigia hata mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa rahisi kumwomba.

Safari ilisogezwa hadi mwezi wa sita mwaka huu, na nyote mnajua mwaka huu umekuwaje. Ndege zilisimama, Katibu akawa anafanya zamu mbili kwa mpigo, yule bibi wa Kiairishi akafa mwezi wa nne akiwa ameshikwa mkono na yeye. Tulipomzika Katibu tuliruhusiwa watu wachache, tukakaa mbalimbali kama watu waliogombana. Hakuna aliyepika. Nilisikia uchungu na nilijisikia mwenye hatia, na sioni sababu ya kuyaficha hayo kwa lugha nzuri. Tumejenga jumuiya ambayo inamjali sana mtu akishakufa, na kumshangaa akitaka kwenda kutazama bahari na wanawe. Misiba yetu ina kamati, ratiba na katibu. Furaha ya mtu ikikosa mkutano hatuitambui.

Jumapili iliyopita mume wake aliniita Euless. Aliweka faili la kijani mezani akasema yeye na watoto wamekubaliana kwenda, ndege zikifunguka, na binti mkubwa ataomba ruhusa chuoni. Alitaka nimsaidie kusoma mwandiko wa mkewe kwenye karatasi ya siku ya kwanza. Ulikuwa unasomeka vizuri kabisa. Nadhani alitaka tu niuone. Katibu alikuwa ameandika: pasi, dawa za mtoto wa pili, nguo za mvua, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, "Mwenyekiti akipiga, Baba apokee. Mimi nikipokea nitakubali."

Nilifunga lile faili nikamrudishia. Baadaye akanisindikiza mpaka kwenye gari. "Mwenyekiti, nikishapata tarehe nitakwambia mapema," akasema, na niliona kwamba ananiomba ruhusa, mtu mzima, ya kuwatembeza watoto wake. Hilo ndilo nililojifunza, na nimechelewa: mtu mwema si lazima aseme hapana, ni sisi tuache kumuuliza. Nimewaambia wanakamati hivi, na nawaandikia ninyi muwe mashahidi. Wiki zile mbili zikifika, hata nikifa mimi, nyumba ile isipigiwe simu.