Kuitazama Kaboni Kutoka Mlangoni

Saa tano na dakika kumi asubuhi, nje ya kituo cha mtihani mjini Tarime, niligundua kwamba kwa miezi saba nilikuwa nimejifunza jambo moja kinyume. Mtihani wa kemia ogania ulikuwa uanze saa nane. Mara ya kwanza nilianguka. Nikianguka tena ningerudia somo zima kwa ada yangu, na mke wangu alikwisha kuniambia kwamba hauzwi ng'ombe mwingine kwa ajili ya shahada ya mtu wa miaka arobaini na nane.

Aliyenifumbua macho alikuwa nesi kutoka Mugumu, anayesoma kwa masafa kama mimi. Tulikaa ngazini tukiulizana maswali. Alichora kaboni iliyoshika makundi manne tofauti, akaniuliza: R au S, yaani mpangilio wa kulia au wa kushoto?

"S," nikasema.

"R, mura," akasema, akiniita kijana kwa Kikurya.

Nikamwonyesha hatua zangu zote. Akazifuata kwa kidole.

"Hatua ni safi. Ila unaitazama ukiwa upande gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilijisomea peke yangu kijijini Susuni, kwa nakala ya kitabu isiyo na kurasa za majibu. Ili kukumbuka kanuni, niliyapanga makundi kama wazee wanaozunguka chungu cha pombe kwa baba mkwe, kila mmoja na mrija wake: mkubwa, anayemfuata, wa tatu. La nne, dogo kuliko yote, nililiweka mlangoni. Ukiwahesabu wale watatu ukaenda kama mishale ya saa, ni R. Ukienda kinyume, ni S. Sasa, kwa heshima, mlangoni ndipo mkwe kama mimi anapokaa, na miaka yote nimewaona wazee nikiwa hapo. Kanuni inataka utazame kutoka upande wa pili, lile dogo likiwa mbali nawe.

Nikamweleza. Alicheka hadi akashika ubavu.

"Kumbe umewasoma wazee migongo! Hamia ndani, mkwe."

"Kwa baba mkwe sipiti ndani."

"Basi anguka na heshima zako."

Mazoezi yote ya miezi saba yalikuwa na majibu yaliyopinduka, R mahali pa S. Niliona ni salama zaidi nifanye kama nilivyozoea, kisha nigeuze kila jibu na kuliwekea alama ya vema ubavuni.

Ndani ya chumba cha mtihani, swali la tatu lilikuwa na kaboni sita za namna hiyo. Nilipofika ya tano nikakuta nimeandika R, lakini hapana alama. Je, nilikuwa nimegeuza au bado? Nilifuta, nikaandika, nikafuta tena mpaka karatasi ikaanza kuchanika. Msimamizi akatangaza kwamba zimebaki dakika ishirini.

Nikafumba macho. Nikapita mlangoni, nikampita baba mkwe bila hata kuinama, nikaenda kukaa ukutani kule ndani, nikageuka. Ilikuwa R. Masikio yalinichoma kwa aibu, kana kwamba mzee ameniona kweli. Sikutoka. Nikazirudia zote sita nikiwa palepale, na mbili nikazisahihisha.

Baada ya wiki sita matokeo yalifika kwenye simu: nimefaulu, alama moja juu ya ile inayotakiwa. Nilichukua kalamu nikajumlisha ada ya kurudia somo, chumba cha kulala na nauli. Nilikuwa nimeokoa shilingi laki tatu na elfu kumi na mbili.