Unyevu Kwanza

Tulikuwa watatu katika ofisi ya chama cha tumbaku, Mpanda, miaka ya tisini ikiisha: mimi, binti yangu wa pili, na meneja, mtoto wa shemeji yangu. Binti alikuwa ameandika programu ya kupanga madaraja ya ubora wa majani ya tumbaku kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, nayo ilikuwa inapitisha kimakosa majani yenye unyevu.

"Kesho kazi hii nampa mwanaume wa Tabora, fundi wa kompyuta," meneja akasema.

Nikamwambia binti anisomee masharti ya programu yake. Kama ni la njano, kama ni refu, ndipo kama limekauka. Kama ndani ya kama! Jani la kahawia halikufika hata kwenye swali la unyevu, likapita hivyo hivyo.

"Mama mdogo, hapa si kwenye bani la kukaushia tumbaku," meneja akacheka.

"Kwenye bani mimi nashika kwanza. Lenye unyevu narudisha, siliulizi rangi!"

Binti akafuta, akaweka juu kabisa: kama lina unyevu, rudisha, ishia hapo. Tukajaribu. Halikupita hata jani moja lenye unyevu. Mwanaume wa Tabora hakuitwa.

Nilisoma hadi darasa la pili, na siombi radhi. Ila kama siku ile ofisini kuna mtu nimemsahau, nyie mnaokumbuka nisahihisheni.